Tunafunga Midomo, Halafu Tunadai Kiingereza

Jumatano moja mwaka jana niliketi nyuma ya darasa la Gredi ya 6 katika shule moja ya Kayole, si mbali na steji ya Masimba. Niliwahesabu watoto: 68, watatu watatu kwenye dawati la wawili. Mwalimu, kijana mwenye bidii zake, alitangaza kwamba siku hiyo hakuna kuandika, ni kuigiza tu. Somo ni Kiingereza, mada ni hospitali. Darasa likashangilia.

Kisha akagawa nafasi. Mvulana ambaye kila mtu alijua atachaguliwa akawa daktari. Jirani yake wa dawati la mbele akawa muuguzi. Mgonjwa akapewa sentensi mbili. Na binti mmoja mrefu, aliyeketi karibu nami, akaambiwa awe mlinzi wa lango. Kazi yake ilikuwa kufungua na kufunga. Neno hakupewa hata moja. Akafungua, akafunga, akarudi kuketi. Wengine 64 wakatazama wenzao wakisoma mazungumzo kutoka kitabuni, na dakika nane baadaye igizo likawa limekwisha.

Jioni nilimkuta mlinzi wetu kwenye kibanda cha mamake, akiuza sukuma na nyanya. Ungemsikia! Mteja wa kwanza alikuja na Kikamba, akajibiwa kwa Kikamba. Kijana wa boda akaja na Sheng, akapewa Sheng iliyomwacha akikuna kichwa. Mama mmoja akataka fungu la nyanya la hamsini alipate kwa thelathini. Binti akamwita auntie, akamuuliza habari za mtoto, akamweleza kwa Kiswahili laini jinsi kreti ilivyopanda bei sokoni Marikiti, na auntie akalipa hamsini akicheka. Kubembeleza, kukataa bila kuudhi, kujibu papo hapo: haya ndiyo mazungumzo. Na huyu ndiye tuliyempa mlango.

Nimekaa na hasira hiyo tangu siku ile, na leo naitoa. Tatizo la Kiingereza cha watoto wetu wa Eastlands halikuanza na Kiingereza. Lilianza siku tulipoamua kwamba mtoto mwema ni mtoto aliyenyamaza.

Nani asiyeijua ile karatasi ya wapiga kelele? Mwalimu akitoka, kiranja anasimama mbele na kalamu. Ukigeuka kumwomba mwenzako kifutio, jina lako limeingia. Ukilalamika, linaongezwa alama. Mwalimu akirudi, karatasi inasomwa kama hukumu. Miaka minane ya shule ya msingi nilijifunza kwamba mdomo ni hatia, halafu Ijumaa mtu huyohuyo aliyenichapa kwa kuongea ananisimamisha kwenye mjadala na kushangaa kwa nini sauti haitoki.

Mbali na karatasi, kulikuwa na diski. Shuleni kwetu, ambako sitakutaja, ilikuwa kipande cha mbao chenye kamba, kilichokolea jasho la shingo za watoto. Ukinaswa ukisema Kiswahili au lugha ya mama unaivaa, na njia ya pekee ya kuivua ni kumvizia mwenzako naye ateleze. Ngũgĩ wa Thiong'o aliyaeleza haya mwaka 1986 katika Decolonising the Mind, akikumbuka utoto wake chini ya mkoloni. Mkoloni alifunga virago. Diski ikabaki, nasi tukaisafisha na kuipa kamba mpya. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinakataza kumdhalilisha mwanafunzi kimwili au kiakili. Kifungu cha 44 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kutumia lugha aipendayo. Nenda ukaulize watoto wa mtaa wako kama habari hizo zimewafikia.

Ukitaka kuona kilele cha wazimu wetu, fungua karatasi ya kwanza ya Kiingereza ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ile 101/1. Ina alama 60, na 30 kati yake ni za stadi za kuzungumza. Nusu nzima! Sasa niambie zinatahiniwaje. Kwa kalamu. Mtahiniwa anaketi kimya, msimamizi akipitapita, na anaandika jinsi ambavyo angejiandaa kwa mahojiano ya kazi kama angeitwa. Anaandika neno lipi lina sauti tofauti na mengine. Anaulizwa hata herufi zisizotamkwa, ndani ya chumba ambamo hakuna kinachotamkwa. Unaweza kupata alama zote 30 bila kufungua kinywa tangu Januari hadi Novemba. Halafu mwajiri analia kwamba vijana hawawezi kujieleza.

Mtaala mpya, tunaambiwa, umeleta dawa. Kweli, mawasiliano na ushirikiano ndiyo umilisi wa kwanza kati ya ule wa kimsingi 7, na vitabu vimejaa maagizo ya kuigiza. Lakini waigize nini? Watalii wakiagiza chakula hotelini. Abiria akiulizia ndege yake. Ndege zinazotua Embakasi tunazisikia mchana na usiku, lakini ukimuuliza mtoto wa Soweto ya Kayole nani kwao amewahi kuzipanda, atakutazama kana kwamba umemtania. Hapo hana la kusema kwa sababu hana haja ya kusema. Anachobakiwa nacho ni kukariri.

Sisemi Kiingereza kitupwe. Wazazi wa mtaa huu si wajinga. Wanajua mlango upi unafunguka kwa lugha ipi, na mama mboga anayelipa karo kwa sarafu ana haki ya kudai Kiingereza cha mtoto wake. Hata mimi nakidai. Ninachokataa ni Kiingereza cha kuonyeshea wageni siku ya wazazi.

Nataka kile cha kaunta. Mtoto aigize yuko kituo cha polisi, simu imeibwa kwenye matatu ya 19/60, afisa hana haraka naye, na yeye anadai nambari ya OB, kile kitabu cha matukio, kwa adabu bila kuondoka mikono mitupu. Aigize amejeruhiwa na anaomba fomu ya P3. Aigize mshtakiwa katika Mahakama ya Makadara ambaye hajaelewa shtaka, akimwambia hakimu kwamba Katiba, kifungu cha 50, inampa mkalimani bila malipo. Sheria yetu ingali inasema lugha ya Mahakama Kuu na ya Rufaa ni Kiingereza, na siku mzazi wake atakapofika huko, mtoto huyu ndiye atakayemnong'oneza kinachoendelea. Aigize anaulizwa na mwajiri kwa nini anwani yake ni Kayole, na ajibu akiwa ameinua kichwa.

Mwalimu ataniambia ana watoto 68 na dakika 35. Sawa, tupige hesabu. Wakizungumza mmoja mmoja mbele ya darasa, kila mtoto anapata takriban nusu dakika, na hiyo ni kama hakuna anayekohoa. Wakigeukiana wawili wawili, unapata jozi 34 zinazoongea kwa pamoja. Kwa dakika kumi tu kila mtoto ameshapata tano za kusema, kisha mnabadilishana: aliyekuwa afisa anakuwa mlalamishi. Yule mlinzi wa lango anapata maneno. Kutakuwa na kelele, tena nyingi. Mwalimu mkuu atachungulia dirishani akidhani darasa halina mwalimu. Mwache achungulie.

Watakosea vilevile, na hapa sote tuna lawama. Kumcheka mtu aliyeshrabu, yaani aliyetamka Kiingereza kwa lafudhi ya lugha ya mama, ni mchezo wetu wa kitaifa. Mbunge akiteleza ulimi asubuhi, kufikia mchana video imezunguka Nairobi nzima. Mtoto anayaona. Anajua r ikimponyoka ikawa l atabandikwa jina la utani hadi amalize shule, basi anachagua kunyamaza, na sisi tunaandika kwenye ripoti kwamba ana haya.

Kuigiza si mchezo wa kujazia kipindi, na serikali yetu ilijua hivyo zamani. Mwaka 1977 wakulima na wafanyakazi wa Kamiriithu, Limuru, wengi wao watu wa mashamba na viwanda, waliigiza Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii. Hawakupewa tu mistari wakariri. Waliijadili, wakawasahihisha waandishi palipokuwa na lugha isiyosemwa na watu. Tamthilia ilianza Oktoba. Novemba kibali kikafutwa. Desemba 31 wa Thiong'o akakamatwa, akatupwa Kamiti bila kushtakiwa, na mwaka 1982 ule ukumbi waliojijengea wenyewe ukabomolewa. Walikuwa watu wa kawaida waliopewa nafasi ya kusema, na dola ikaona heri ibomoe jukwaa. Sisi nafasi hiyohiyo tunaipunguza hadi kufungua na kufunga lango.

Mwalimu, najua mshahara wako na najua chaki unanunua mwenyewe. Nakuomba mambo mawili yasiyo na gharama. Ile karatasi ya wapiga kelele iliyoko mezani kwako, ichane. Na wiki hii, ukigawa nafasi za igizo, mpe daktari wako wa kila siku lango alifungue, umwite yule binti wa nyuma aje akae kwenye kiti cha daktari.