Mbele ya kununua pampu, tuulize skana imesema nini



Wakati wa mavuno yaliyopita, kamionete ya koperative yetu ilianza kuzimika kwenye mlima. Ikiwa tupu inatembea muzuri. Ikibeba vitunga vya tomati inakosa nguvu, na taa ya njano ya moteri inawaka. Makanika wa kwanza alichomeka skana, ile mashine ndogo inayosoma ordinatere ya gari, akatuambia: «Pampu ya mazutu imekufa, leteni pesa.» Tukachanga, tukanunua. Akafuta taa, tukapakia, na mlimani gari ikazimika tena. Tomati zikaoza kando ya balabala.

Skana haikusema uongo. Ni sisi hatukuuliza imesema nini. Makanika wa pili aliposoma tena, ilitoa namba P0087. Maana yake: presha ya mazutu inayofika kwenye injekta iko chini. Basi. Haisemi sababu. Inaweza kuwa pampu, lakini pia filta iliyoziba, mupira unaoingiza hewa, ao kile kifaa kinachopima presha. Sisi tunanunua mazutu ya bidoni, na mara nyingi iko na maji na uchafu. Alipofungua filta, ilikuwa nyeusi kama makaa. Akaweka mupya, gari ikapanda. Pampu ya zamani ilikuwa nzima.

Namba ya skana ni kama homa ya mutoto. Homa inaonyesha kuna ugonjwa, lakini muganga anapima damu kwanza ndipo anatoa dawa.

Kwa hiyo naomba koperative zetu zishike mambo matatu:

1. Namba iandikwe kwenye daftari mbele ya kufutwa. Kufuta kunazima taa tu, hakutengenezi kitu. Tena kunapoteza kumbukumbu ya hali ya gari wakati ilipoharibika: mwendo, joto, muzigo wa moteri.

2. Tuanze na vitu vya bei ndogo: batri na vichwa vyake, fyuzi, waya zilizolegea ao kutafunwa na panya, filta. Batri dhaifu peke yake inaweza kufanya ordinatere itoe namba nyingi za kupoteza watu.

3. Makanika atuonyeshe amepima nini, ndipo mutunza-sanduku atoe pesa ya kipande.

Wengine watasema: «Siye ni wakulima, tutamufundisha makanika kazi yake?» Hapana. Lakini kwenye depo tunapima kila gunia mbele ya mwenyewe, na hakuna anayesema tumemutukana. Pesa ya gari nayo ilitoka kwenye magunia yale yale.

Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kwenye mukutano mukubwa unaokuja, kila koperative yenye gari ifungue daftari lake. Letu tumelifungua tayari, na ukurasa wa kwanza umeandikwa P0087.