Ukurasa wa Nyumbani: Sahani Sita Zatosha

Katika nyumba nyingi za askari lipo kabati moja lenye kufuli. Ndani yake mna seti ya vyombo vya kauri vyenye maua ya dhahabu, iliyochukuliwa kwa mkopo na kulipwa kwa kukatwa mshahara mwezi baada ya mwezi. Vyombo hivyo hutolewa ajapo mgeni, pengine mara mbili kwa mwaka. Siku nyingine zote watoto hulia sahani zilizomeguka ukingo, na baba arudipo kutoka lindo la usiku hupokea chai katika kikombe kisicho na mkono. Kisha huja amri ya uhamisho. Mizigo hupakiwa katika lori kutoka Jinja hadi Gulu, na sanduku lifunguliwapo, nusu ya seti imekuwa vigae, ilhali deni lingali zima.

Kupenda vitu vizuri si kosa, na nyumba ya chumba kimoja ina haki ya kupendeza kama nyumba nyingine yoyote. Kosa limo katika kununua kwa ajili ya macho ya mgeni, na kuwasahau wale wanaokula humo kila siku.

Hesabu kabla ya soko

Mume na mke wenye busara huanza kwa hesabu. Huhesabu walaji wa kila siku, kisha huongeza wageni wawili. Familia ya watu wanne, basi, yahitaji sahani sita, bakuli sita na vikombe sita. Baadaye hupima meza. Juu ya meza yenye upana wa sentimita 60, sahani mbili za sentimita 27 zikielekeana huacha sentimita 6 tu katikati, ambapo bakuli la mchuzi haliwezi kukaa. Sahani za sentimita 22 huacha sentimita 16. Yenye kina kidogo hufaa zaidi, kwani hupokea posho na maharagwe, au matoke na mchuzi wa karanga, bila kumwagika.

Ni afadhali vyombo vinunuliwe kimoja kimoja kuliko kwa seti, na viwe vyeupe visivyo na maua. Ikivunjika sahani moja nyeupe, ya kufanana nayo hupatikana kwa urahisi, iwe katika soko la Owino mjini Kampala au katika duka la mji mdogo. Rangi na iletwe na kitambaa cha kitenge au mkeka wa ukindu, vitu ambavyo hukunjwa, husafiri na havivunjiki.

Kila chombo na tabia yake

Vyombo vya enameli ni chuma kilichofunikwa kwa kioo kilichoyeyushwa motoni. Huvumilia safari na havigharimu sana, lakini pale panapobanduka huota kutu. Kilichobanduka kwa ndani kiachwe kulia chakula.

Vya melamini, yaani plastiki ngumu, ni vyepesi na hupendeza. Hata hivyo havifai kuwekwa motoni wala katika jiko la maikrowevu, kwa sababu joto linalozidi nyuzi 70 laweza kuhamishia kemikali zake katika chakula. Wala visisuguliwe kwa waya, maana vikikwaruzwa hushika madoa.

Kauri hujaribiwa dukani kwa kugongwa ukingo kwa ukucha. Iliyo nzima hulia kwa sauti nyororo. Yenye ufa hutoa mlio mzito uliokufa. Chombo kilichopakwa rangi kali upande wa ndani chafaa kuepukwa, kwani baadhi ya rangi hizo huwa na madini ya risasi, na risasi hudhuru akili za watoto.

Tahadhari hiyo yahusu pia sufuria zilizoyeyushwa kutokana na vyuma chakavu vya kila namna, maana navyo vyaweza kuwa na risasi. Chakula chenye nyanya au ndimu kisilazwe humo usiku kucha.

Vya ukutani na vya kuhama

Askari wengi wa polisi nchini Uganda wamelea watoto katika vijumba vya duara vya mabati viitwavyo uniport, ambavyo ukuta wake haukubali rafu iliyonyooka. Hata katika nyumba za matofali, kilichopigiliwa misumari aghalabu hubaki na nyumba, si na familia. Kwa hiyo rafu ya kusimama, inayofunguliwa kwa skrubu na kufungwa kamba, ni mali. Iliyojengewa ukutani ni zawadi kwa mpangaji ajaye.

Taa nayo huhama. Balbu ya LED ya wati 9 hutoa mwanga unaokaribia ule wa balbu ya zamani ya wati 60. Ikiwaka saa tano kila usiku kwa siku 30, ile ya zamani hula uniti 9 za umeme, na ya LED hula uniti 1.35 tu. Familia inayojilipia umeme huona tofauti hiyo mfukoni.

Koki ya bomba ichaguliwe iliyo nzito mkononi, kwani ile nyepesi mara nyingi ni plastiki iliyopakwa rangi ya chuma. Koki inayodondosha tone moja kila sekunde hupoteza maelfu ya lita za maji kwa mwaka, na huenda dawa yake ni kipande cha mpira kisichozidi bei ya soda.

Tangu mwaka 2007, majeshi ya Uganda yalipoingia Somalia, familia nyingi zimezoea kiti kimoja mezani kubaki wazi kwa miezi mingi. Siku mwenye kiti arudipo, hatauliza maua ya dhahabu. Atafurahi kukuta sahani yake nyeupe i nzima, sawa na za watoto wake, na kabati halina kufuli.