Usaha wa kizazi cha mbwa hautibiwi kwa sindano ya dukani

Ndugu mfugaji, acha kumchoma mbwa jike sindano ya OTC kila unapoona anatokwa usaha ukeni. Na wewe mwenye duka la dawa za mifugo, acha kumuuzia. Usaha umejaa ndani ya kizazi. Antibiotiki peke yake haiumalizi. Mbwa atachangamka siku mbili tatu, kisha sumu itasambaa kwenye damu, figo zitashindwa, na utampoteza.

Ugonjwa huu huja zaidi mwezi mmoja au miwili baada ya joto. Jike hunywa maji sana, hukojoa mara kwa mara na hukataa chakula. Tumbo likijaa bila usaha kutoka nje, hatari ni kubwa zaidi.

Tiba ya uhakika ni upasuaji wa kuondoa kizazi na ovari. Dawa ya kusukuma usaha utoke ipo, lakini ni ya daktari wa mifugo, kwa jike unayetaka azae tena, na ugonjwa unaweza kurudi.

Utasema upasuaji ni ghali. Je, umehesabu chupa ulizokwisha kununua? Kama hutaki watoto, mtoe kizazi mapema akiwa mzima. Usimchome sindano za kuzuia mimba: hizo huongeza ugonjwa huu huu.