Remmy Ongala na Fasihi Tunayoiacha Mlangoni

Miaka michache iliyopita nilihudhuria kikao cha wanafunzi wa uzamili waliokuwa wakitetea mapendekezo yao ya utafiti. Mwenzetu mmoja alikuwa amependekeza kuchunguza matumizi ya lugha katika nyimbo za Remmy Ongala. Hakufika ukurasa wa tatu. Aliulizwa, tena kwa upole unaoumiza kuliko ukali, iwapo mashairi yote ya Kiswahili yalikuwa yamekwisha hata akalazimika kuhamia kwenye muziki wa baa. Watu wakacheka. Baada ya majuma mawili mwenzetu alirejea na pendekezo jipya, kuhusu diwani ambayo imekwisha kuandikiwa tasnifu chungu nzima. Mimi nami nilicheka siku ile, na makala haya, kwa kiasi fulani, ni fidia ya kicheko hicho.

Yafaa kwanza tumjue mtu mwenyewe, maana wengi wetu humjua kwa jina tu. Ramazani Mtoro Ongala alizaliwa mwaka wa 1947 mjini Kindu, katika eneo la Maniema, mashariki mwa nchi iliyokuwa ikiitwa Kongo ya Wabelgiji. Inasimuliwa kwamba alizaliwa tayari ana meno mawili ya mbele, jambo lililochukuliwa kuwa ishara ya uganga, na kwamba mama yake, ambaye alikuwa amewapoteza watoto waliotangulia, aliagizwa asimnyoe nywele. Masimulizi haya ndiyo chanzo cha lakabu ya Dokta iliyomfuata hadi kaburini. Aliondokewa na wazazi akiwa bado mdogo, akajilea kwa gitaa na ngoma katika bendi za huku na huko, hadi mwaka wa 1978 alipoitwa Dar es Salaam na mjomba wake, Mzee Makassy, ajiunge na Orchestra Makassy. Miaka michache baadaye alihamia Matimila, bendi aliyoiongoza hadi ikajulikana kuwa Super Matimila. Umaarufu wake mtaani ulikuwa wa kiasi kwamba sehemu ya Sinza alikoishi ilikuja kuitwa "kwa Remmy".

Hebu tulitazame jina la Maniema, kwa kuwa si geni kwa mwanafunzi yeyote wa Kiswahili. Tunalikuta katika wasifu wa Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, matini ambayo idara zetu huiheshimu kama mojawapo ya nguzo za nathari ya Kiswahili. Kasongo na Nyangwe, vituo vya misafara yake ya pembe na watumwa, vimo katika eneo hilo. Kiswahili kilifika Maniema kikiwa kimefuatana na bunduki na minyororo, kikakaa, kikageuka lugha ya nyumbani, kikaota maneno yake na lahaja yake iitwayo Kingwana. Takriban karne moja baadaye, mwana wa Maniema aliirudisha lugha hiyo mashariki akiwa na gitaa, akawaimbia wachukuzi, makuli na mama lishe wa Dar es Salaam kuhusu njaa yao. Mfanyabiashara wa watumwa tunamsoma darasani. Huyu wa pili tunamwacha mlangoni. Sisemi Tippu Tip asisomwe. Nauliza tu ni mizani gani iliyotumika.

Jibu ambalo hutolewa haraka ni kwamba nyimbo za dansi zina sauti nyingi na maneno machache. Anayesema hivyo, naamini, hajamsikiliza Remmy. Kazi zake hazikuwa vibwagizo vya mapenzi vilivyopachikwa juu ya magitaa. Ndani yake huzungumza, hukemea, hunong'ona, husimulia, hurudi kwenye kiitikio kama mhubiri arudivyo kwenye aya. Katika "Sauti ya Mnyonge" nafsineni ni fukara mwenyewe, wala si msomi anayemhurumia fukara kutoka dirishani. Katika "Nalilia Mwana" kuna kilio cha asiyejaliwa mtoto katika jamii inayompima mwanamke kwa uzazi. Kifo nacho alikiandama maisha yake yote: mojawapo ya tungo zake za awali akiwa na Makassy ni "Siku ya Kufa", iliyomwombolezea rafiki, na katika albamu ya mwaka 1989, Songs for the Poor Man, akakirudia katika wimbo ulioitwa "Kifo". Anayetaka mfano wa tanzia ya kisasa isiyofungwa na vina na mizani ana pa kuanzia.

Mazingira yake ya kazi pia ni somo. Hadi mapema katika miaka ya 1990, Tanzania Bara ilikuwa na kituo kimoja tu cha redio, Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi zilirekodi humo na nyimbo zikapigwa nchi nzima, lakini viwanda vya santuri havikuwapo. Aliyetaka santuri aghalabu alifunga safari kuja Nairobi. Ala zilikuwa mali ya mwenye bendi au ya shirika la umma, na mwanamuziki alikuwa kibarua kama vibarua wengine. Kwa hiyo wimbo uliishi ukumbini, ukarefushwa au kufupishwa kulingana na hadhira ya usiku huo. Sisi tunaofundishwa kwamba fasihi simulizi hubadilika kwa kutegemea fanani, hadhira na tukio, tunashindwaje kuitambua ikiwa imeshika gitaa la umeme?

Lakini wimbo ninaoutegemea zaidi katika hoja yangu ni "Mambo kwa Soksi". Visa vya kwanza vya UKIMWI nchini Tanzania vilitambuliwa mwaka wa 1983 katika mkoa wa Kagera. Mwishoni mwa mwongo huo watu walikuwa wakizikana kila wiki, huku lugha ya hadharani ikizungukazunguka: ugonjwa ule, maradhi ya kisasa, homa ya muda mrefu. Magazeti yalijaa misemo ya namna hiyo na matangazo ya maziko yakazidi kuificha. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Remmy alitunga wimbo wa kuwahimiza watu watumie kondomu, na kondomu akaiita soksi. Redio ya taifa ilikataa kuupiga kwa madai ya kukiuka maadili. Watu wakaununua katika kanda, wakaupiga kwenye mabaa na majumbani, na wakaucheza.

Tuliokaa darasa la semantiki tunajua jina la kitu alichokifanya. Ile ni tafsida. Alichukua kifaa kisichotajika mbele za watu akakivika jina la vazi la kawaida kabisa, vazi ambalo mtoto wa shule huvaa asubuhi na mama yake hulifua jioni. Jazanda ile ina mantiki yake: soksi huvaliwa kabla ya kuingia mahali, hukinga, haimwaibishi mtu. Na ina ucheshi, ambao ndio uliouwezesha ujumbe kupita pale ambapo mabango ya wizara yalikwama. Mzee asiyeweza kulitamka neno kondomu mbele ya wakwe zake aliweza kusema soksi, akaeleweka. Waama, hiyo ndiyo kazi ya tafsida katika jamii yoyote ya Waswahili: haimfichi mtu ukweli, humpa njia ya kuukaribia bila kuvunja heshima.

Waliouzuia wimbo ule waliusoma kana kwamba ni matusi. Hilo, kwa maoni yangu, lilikuwa kosa la uhakiki kabla ya kuwa kosa la siasa. Walishindwa kutofautisha lugha chafu na lugha ya picha, na kushindwa huko kulikuwa na gharama, kwa kuwa redio ndiyo iliyofika vijijini ambako kanda hazikufika. Siwezi kusema ni wangapi wangenusurika. Naweza kusema kwamba mtu aliyepewa jukumu la kuchuja lugha kwa niaba ya taifa alihitaji kuwa amefundishwa kusoma wimbo wa dansi kama anavyosoma shairi, na kwamba hakuna aliyemfundisha. Riwaya yetu ilijikokota nyuma: Ua la Faraja ya William Mkufya, ambayo ni miongoni mwa kazi nzito kuhusu janga hilo, ilitoka mwaka wa 2004. Tunaitahini riwaya, na ni sawa. Wimbo uliotangulia kwa zaidi ya mwongo mmoja hatuutaji hata katika tanbihi.

Ipo hoja nyingine, ambayo wenzetu wa sarufi huipenda: kwamba Kiswahili cha Remmy hakikuwa sanifu. Ni kweli. Upatanisho wa kisarufi hulegea hapa na pale, na katika albamu ya 1992, Mambo, wimbo mmoja umeandikwa "Inchi Yetu" badala ya nchi. Ila tukumbuke tunavyomsoma Muyaka: tunapokutana na Kimvita tunaandika faharasa, hatuandiki masahihisho. Lahaja ya Mombasa huitwa ukwasi, lahaja ya Kindu huitwa makosa. Anayeweza kunieleza tofauti hiyo bila kutaja ukongwe na ubora wa ukoo, naahidi kumsikiliza.

Sitaki kumfanya malaika. Albamu ile ya 1992, iliyotolewa kama ile ya 1989 na kampuni ya Real World ya Uingereza, ina nyimbo zilizolenga sikio la Ulaya, nyingine zikiwa na majina ya Kiingereza, na kwangu mimi zimepwaya zikilinganishwa na zile za 1989. Katika miaka yake ya mwisho, akiwa ameshapatwa na kiharusi, aliupa dansi kisogo akawa mwimbaji wa Injili. Wako wanaosema kwamba kwa kufanya hivyo aliukana urithi wake mwenyewe, hivyo sisi hatuna sababu ya kuutetea. Mimi nawajibu kwamba mtunzi ana haki ya kutubu, ila matini zake hazitubu pamoja naye. Alifariki Dar es Salaam tarehe 13 Desemba 2010. Kutoka hapo, jukumu la kuzihifadhi likawa letu.

Nasi tunafanya nini? Kanda zinaharibika. Waliokuwa ukumbini wanazeeka, na wengi wa wanamuziki wenyewe wamekwisha kwenda. Sijapata kuona diwani moja ya nyimbo hizi iliyonukuliwa kwa makini, yenye maelezo ya lahaja na ya muktadha, katika rafu za maktaba yetu. Tasnifu ya mwenzetu ingekuwa mwanzo mzuri.

Likizo iliyopita nilijaribu mwenyewe kunukuu wimbo mmoja, kalamu mkononi, nikirudisha nyuma kila baada ya maneno matatu. Mahali pamoja nilikwama. Nilisikia neno ambalo halimo katika kamusi yoyote niliyo nayo, nikaliwekea alama ya kuuliza na kuandika pembeni: kosa. Jioni nilimwita jirani yetu hapa bwenini, mwanafunzi wa uhandisi ambaye familia yake ilikimbia vita mashariki mwa Kongo. Alisikiliza mara moja tu. Akaniambia kwamba hilo si kosa, bibi yake hulisema kila siku, akanieleza maana yake, kisha akaketi kitandani pangu na kuniomba niuanze wimbo upya.