Hatari isiyouma
Safu ya Mwanaidi Shemdoe

Mzazi wa mtoto mwenye selimundu anayajua maumivu ya mifupa, yale yanayomwamsha mtoto usiku akilia. Hatari ninayotaka tuizungumzie wiki hii haina kilio. Mtoto anapata homa kidogo, kisha analegea, viganja vinapauka. Nyumbani wanasema ni malaria, au uchovu wa shule, na siku zinapita.

Mara nyingi kinachosababisha hayo ni kirusi kiitwacho pavovirusi B19. Yvonne Cossart na wenzake walikigundua London mwaka 1975, wakichunguza damu kutafuta homa ya ini aina ya B. Huenezwa kwa kukohoa na kupiga chafya, na wengi wetu hukipata utotoni bila kujua. Mtoto mweupe hujulikana kwa mashavu mekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani kirahisi. Watu wazima, hasa wanawake, huweza kuvimba vidole na magoti wiki kadhaa hata wakadhaniwa wana baridi yabisi.

Lakini kwenye uboho ndiko kinakoua. Huvamia chembe changa zinazokuja kuwa chembe nyekundu za damu, na utengenezaji husimama kwa takriban wiki moja. Mwenye afya hatambui, maana chembe zake huishi siku 120 hivi. Za mwenye selimundu huishi siku 10 hadi 20 tu. Damu inakwisha na nyingine haiji.

Madaktari wa London walilibaini hili mwaka 1981. Tanzania huzaliwa watoto takriban 11,000 wenye selimundu kila mwaka, na bado kina mama ninaozungumza nao wameelezwa kuhusu maji, foliki asidi na chandarua, basi. Hili linaniuma. Kumfundisha mama kutazama viganja na ndani ya kope la chini hakuhitaji mashine.

Chanjo hakuna. Mwili wenyewe hukishinda kirusi na uboho ukaanza kazi tena. Damu ya kuongezewa ndiyo inayomvusha mtoto siku hizo, kwa hiyo benki ya damu tupu ni hukumu ya kifo. Daktari akikuta wingi wa damu umeshuka, aagize pia kipimo cha chembe changa nyekundu: zikiwa karibu hazipo, jibu analo. Na ndugu wa mgonjwa wenye selimundu wapimwe siku hiyohiyo, warudiwe wiki inayofuata, hata kama wanacheza vizuri uani.