Kujitolea bila ujira: Ngazi ya ajira au mtego kwa vijana wa teknolojia?

MTAKA cha mvunguni sharti ainame, na vijana wengi waliohitimu masomo ya kompyuta mjini Nairobi na Dar es Salaam wamekubali kuinama. Wanapokosa ajira katika kampuni changa za teknolojia, huomba kufanya kazi bila malipo kwa miezi mitatu au sita, kwa matumaini kwamba juhudi zao zitaonekana na mlango utafunguka.

Kwa juu juu makubaliano hayo yanaonekana kuwa ya haki. Kampuni haina fedha, kijana hana uzoefu, na kila upande unampa mwenzake anachokikosa. Hata hivyo, lipo swali ambalo aghalabu haliulizwi mapema: miezi hiyo ikishapita, nani anabaki na matunda ya kazi?

Mwamko wa kampuni hizi katika Afrika Mashariki ulipata nguvu baada ya Safaricom kuzindua huduma ya M-Pesa mwaka 2007. Mwaka 2010 kituo cha iHub kilifunguliwa Nairobi, na baadaye vituo vya aina hiyo vikazuka Dar es Salaam na Kampala. Pamoja na vituo hivyo zilivuma simulizi za California, za vijana waliolala ofisini na kukaa muda mrefu bila mshahara hadi wakatajirika.

Kilichosahaulika katika simulizi hizo ni kwamba wengi wa vijana hao walikuwa waanzilishi. Walikosa mshahara, lakini walishika hisa. Katika kampuni kubwa za huko huko California, mwanafunzi anayekwenda kujifunza kazi kwa miezi michache hulipwa maelfu ya dola kwa mwezi. Kijana wa Nairobi anayejitolea bila mshahara wala hisa ameiga njaa ya waanzilishi hao, bila kupata sehemu yao ya mavuno.

Athari ya kwanza ni ubaguzi usiokusudiwa. Anayefanya kazi bure bado anahitaji nauli, chakula, kodi ya chumba, kifurushi cha intaneti na kompyuta ya kuaminika. Mwenye wazazi mjini anaweza kustahimili miezi sita. Aliyetoka Kakamega au Singida na kupanga chumba Kayole au Mbagala hawezi, hata kama ana kipaji kikubwa zaidi. Kampuni inadhani inapima bidii, kumbe inapima uwezo wa mfuko wa mzazi.

Sheria nazo zina jambo la kusema. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 41, inampa kila mfanyakazi haki ya malipo ya haki. Katiba ya Tanzania, ibara ya 23, inazungumzia ujira unaolingana na kazi. Ugumu upo katika kumtambua mfanyakazi ni nani. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inamweleza mwajiriwa kuwa ni mtu aliyeajiriwa kwa ujira au mshahara, na inamjumuisha mwanagenzi. Anayejitolea bila mkataba wowote anaweza kujikuta nje ya ulinzi huo kwa sababu ile ile inayomfanya auhitaji: halipwi.

Nchini Marekani, ambako migogoro ya namna hii imefikishwa mahakamani mara kadhaa, wizara ya kazi ilikubali mwaka 2018 kipimo cha kuangalia ni nani mnufaika mkuu kati ya kampuni ya biashara na anayejifunza. Miongoni mwa mambo yanayotazamwa ni iwapo kazi yake inaisaidia elimu yake, au inachukua nafasi ya mwajiriwa anayelipwa.

Kampuni nayo hujiweka hatarini. Mwekezaji makini, kabla ya kutoa fedha zake, huuliza programu inayouzwa ni mali ya nani. Iwapo sehemu yake iliandikwa na mtu asiye na mkataba wala malipo, kampuni inaweza kulazimika kumtafuta akiwa ameshaondoka, ili atie saini ya kukabidhi hakimiliki. Mkono mtupu haulambwi, na aliyetumikishwa bure hana sababu ya kufanya haraka.

Ni kweli kwamba kumfundisha asiye na uzoefu ni gharama. Andela, iliyoanzishwa Lagos mwaka 2014 na kuingia Nairobi mwaka uliofuata, ilijaribu njia tofauti: iliwachagua vijana kwa ushindani mkali na kuwalipa huku wakijifunza. Septemba 2019 ilitangaza kuwapunguza mamia ya watayarishaji wa programu wa ngazi ya chini, wakiwamo wa Nigeria na Uganda, kwa kuwa wateja walihitaji zaidi wenye uzoefu. Funzo lililopo ni kwamba hata kampuni yenye mtaji mkubwa ililemewa na mzigo wa kulea wanaoanza. Lakini mzigo huo haupungui kwa kumtwisha kijana peke yake.

Kwa asiye na njia nyingine, ipo tofauti ya kuzingatia kati ya kazi ya bure inayobaki na jina la mtendaji na ile inayomezwa. Anayechangia programu huria huacha kumbukumbu ambayo mwajiri yeyote, wa Nairobi au wa Berlin, anaweza kuisoma. Anayeandika ndani ya kampuni ya watu hubaki na neno la mkuu wake tu, na kampuni hiyo ikifungwa, neno hilo nalo huweza kupotea.

Akiamua kujitolea kwenye kampuni, basi yaandikwe mambo manne: kazi gani, kwa muda gani, nani atamfundisha, na hakimiliki ni ya nani. Kampuni nayo isishindwe kulipa japo nauli na chakula. Ikiwa haiwezi hata hilo, itoe hisa.

Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Vijana hawa wameshakubali jua. Haki yao ni kujua mapema kivuli hicho kitakuwa cha nani.