Mota ya Gramu 9

Mota ndogo ya sevo, ile ya plastiki wanayoinunua wanafunzi wanaounda roboti na vielelezo, ina uzito wa gramu 9 hivi. Katika kata ya Pito, Manispaa ya Sumbawanga, ambako mahindi ndiyo kazi inayoeleweka, mzazi anayeombwa fedha za kidude hicho ana haki ya kuuliza kitamfaa nini mwanawe. Jibu lipo, nalo ni la kiafya kuliko wengi wanavyodhani.

Ndani ya kasha lake mna mota, giya, na kipimo kinachotambua mhimili umefika wapi. Kila milisekunde 20 sevo hupokea ishara: ya milisekunde 1.5 huuweka mhimili katikati, fupi zaidi huupeleka upande mmoja, ndefu zaidi upande wa pili. Saketi hulinganisha mahali ilipoamriwa na mahali ilipo, kisha huisukuma mota hadi tofauti iishe. Mwili nao hutunza joto na sukari ya damu kwa njia hiyohiyo ya kupima, kulinganisha na kurekebisha. Mwanafunzi wa biolojia hulikariri jambo hili kwa ajili ya mtihani. Mwenzake anayeizuia sevo kwa kidole huihisi ikishindana naye.

Nchini mfano wa mota ndogo kuhudumia wagonjwa upo. Darubini ya OpenFlexure, ambayo mwili wake huchapishwa kwa plastiki, imeundwa Dar es Salaam na STICLab, na Taasisi ya Afya Ifakara imeshiriki kuitafiti kwa uchunguzi wa malaria. Kioo cha damu husogezwa na mota za bei nafuu. Hizo si sevo bali mota za hatua, na tofauti hiyo ni kubwa: chembe nyekundu ya damu ina upana wa maikromita 7 hadi 8, na sevo ya gramu 9 ingeiruka kwa mtetemo wake tu. Wafipa, waliofua chuma katika matanuri marefu ya malungu, hawahitaji kufundishwa kwamba kila kazi ina chombo chake.

Uwandani baridi huwapunguza mbu, ila bonde la Ziwa Rukwa ni la joto, na homa hupanda na wasafiri. Kipimo cha haraka husema vimelea vipo au havipo; kuvihesabu kunahitaji darubini, na darubini huhitaji mtu wa kuitengeneza inapoharibika.

Hapa ndipo tahadhari inapohitajika. Sevo ya mchezo isifungwe kwenye kifaa kinachoshikilia uhai wa mgonjwa. Meno ya giya zake ni ya plastiki, huvunjika bila onyo, nayo haimtaarifu mtu kwamba imeshindwa. Wanaoisifu kama mkombozi wa hospitali za vijijini wanakosea kama wanaoidharau.

Thamani yake iko darasani. Kijana aliyeona giya zikikatika ataielewa upesi pampu ya sindano ya dawa, inayosukumwa na mota ya hatua, siku atakapojiunga na mafunzo ya ufundi wa vifaa tiba, kama yale ya Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam. Shule zenye maabara zinunue sevo chache, kibao cha kuziongoza na betri 4 za volti 1.5, na mwalimu aruhusiwe kuziharibu bila kuandikiwa hasara.